Kushoto ni Kumrudisha

Likizo ya kijana Kimya iliisha Jumapili, na Jumatatu asubuhi viatu vyake vya jeshi vilikuwa bado uvunguni mwa kochi. Baba yake aliviona alipoinama kutafuta bisibisi. Akavitoa, akavipiga brashi, akavipanga mlangoni ncha zikitazama nje, kisha akasimama katikati ya sebule na mkoba wake wa vifaa begani.

"Gari lako ni la saa ngapi?"

Kijana alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea kochi, pedi ya gemu mkononi. Kwenye tivii wanajeshi sita walikuwa wakivuka mto ulioganda kwa barafu. Sauti alikuwa ameipunguza hadi ikabaki kama ya nzi ndani ya chupa.

"Siendi, baba."

"Huendi leo?"

"Siendi."

Kimya halikuwa jina lake la cheti. Majirani walimpa alipokuwa mdogo kwa sababu alikuwa mtoto wa kuulizwa mara tatu ndipo ajibu. Baba yake, fundi wa friji, kwa miaka mingi aliitwa Baba Kimya, mpaka kijana alipopokelewa jeshini. Tangu siku hiyo mtaa ulimwita Baba Jeshi, kwanza kwa utani, baadaye kwa heshima, na yeye jina hilo alilivaa kama koti jipya, hata siku za joto.

Alisubiri kidogo kuona kama kuna neno litafuata. Kimya hakuwa mtu wa utani, na neno halikufuata. Kwenye tivii mwanajeshi mmoja aliteleza, wenzake wakamshika mkono.

"Jioni tutaongea," akasema baba, akaondoka bila kufunga mlango vizuri.

Lakini jioni aliongea na mkewe, tena kwa simu, kabla hata hajafika nyumbani. "Kaongee na mwanao," alimwambia. Kijana alipofanya vizuri alikuwa mwanangu. Siku hiyo alikuwa mwanao.

Mama Kimya alikuwa mpiga pasi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli. Zamu yake yote ilikuwa mashuka meupe na mvuke, na kidole gumba cha mkono wake wa kulia kilikuwa na kovu gumu la moto wa pasi, ngozi iliyokufa ganzi. Alirudi miguu imemvimba. Hakuuliza kitu. Alivua viatu, akaketi sakafuni kando ya mwanawe, akanyoosha miguu, akatazama kioo.

"Wewe ni yupi hapo?"

"Huyu wa mbele. Ni sajenti."

"Umepanda cheo haraka."

Kimya alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu afike, na mama akajifanya hakuona, kama mtu aliyeona ndege ametua karibu na hataki kumshtua.

Basi akamweleza. Gemu lilizungumza kwa lugha ya kigeni, naye akawa anamtafsiria mama yake. Ni kikosi cha watu sita katika vita ambavyo hakuna aliyekumbuka vilianzaje. Wanatembea, wanapigana, wanakula, wanagombana. Na kila baada ya muda hadithi inasimama na kukuuliza. Umemkuta adui amejeruhiwa, unamfunga jeraha au unapita? Kisima kina maji kidogo, mnakunywa nyinyi au mnawaachia wanakijiji?

"Ukijibu vibaya unafungwa?"

"Hufungwi. Hadithi inaendelea tu na ulichochagua."

Walifika kwenye kibanda cha mchoma mkaa, katikati ya msitu. Ndani alikuwa amejificha kijana mmoja wa kikosi chao, mtoro, ametupa bunduki, anatetemeka. Hadithi ikasimama. Chini ya kioo mstari mwekundu ukaanza kufupika.

"Chagua wewe, mama," Kimya akamwekea pedi mikononi. "Juu ni kumpiga risasi. Kushoto ni kumrudisha kambini. Kulia ni kumwacha aende. Mstari ukiisha hujachagua, wenzako watakuchagulia."

Mama hakuhitaji mstari. Alibonyeza kulia kwa kidole chake kigumu, ikabidi abonyeze mara mbili. Ikasikika miguu ikikimbia juu ya majani makavu, na mbwa akibweka mbali. Mama akavuta pumzi, akatabasamu kama mtu aliyefaulu mtihani.

Tabasamu halikudumu. Hatua iliyofuata, mtoro yule alikamatwa na adui, akasema kila alichojua, na kikosi kikavamiwa darajani. Wakafa watatu, pamoja na yule mnene aliyekuwa akiimba njiani.

"Ni kwa sababu nilimwachia?"

"Ndiyo."

"Na ningempiga?"

"Wenzako wangeacha kukuamini. Mwishoni mmoja anakupiga mgongoni."

"Na kumrudisha?"

"Linakuja lori, linamchukua. Humwoni tena. Hawasemi alipelekwa wapi."

"Sasa ipi ndiyo ya sawa?"

"Hakuna, mama."

Mama Kimya alitazama watu watatu waliolala kwenye theluji. "Aliyetunga kitu hiki hana mama," akasema. Kisha akauliza, "Na wewe unakicheza kutwa nzima ili upate nini?"

Hilo lilikuwa swali la kuulizwa mara tatu. Mama alilijua, akauliza mara moja na kungoja. Nje mtu aliburuta ndoo. Kimya aligeuzageuza pedi.

"Huku unaulizwa," akasema hatimaye.

"Na kule?"

"Kule tuliambiwa tuwatoe watu waliokuwa wamelala kwenye shule. Mvua ilikuwa inanyesha."

"Mkawatoa?"

"Tukawatoa. Mimi nilishika mlango, wasirudi ndani."

Mama alingoja zaidi, lakini hayo ndiyo yaliyokuwepo. Akamwekea kiganja kichwani. Nywele zake zilikuwa zimekatwa fupi mno, zikachoma kiganja kama brashi.

*

Kufikia Jumatano, uongo wa Baba Jeshi ulikuwa umeshazaa. Alianza kwa kumwambia jirani yao, Mama Mapacha, kwamba kijana ameongezewa siku. Mama Mapacha hakuwa mtu wa kupewa habari isiyo na sababu. Akauliza kwa nini, na Baba Jeshi akajikuta anasema ni kwa utendaji mzuri.

"Hongera zake," Mama Mapacha akasema. "Basi atoke atusalimie. Mapacha wangu wanataka kumwona mwanajeshi kwa macho."

"Amechoka. Analala."

"Mwanajeshi gani analala siku tatu?" Alisema kwa kucheka, lakini jicho lake lilikuwa limeshapita juu ya bega la Baba Jeshi, likaingia ndani, likavikuta viatu mlangoni.

Kwenye karakana mambo hayakuwa mepesi zaidi. Mwenye baa aliyeleta friji lake la vinywaji alikaa juu ya kreti, akavuta sigara, akasema mbele ya wateja wengine, "Baba Jeshi, nasikia siku hizi jeshi limehamia nyumbani kwako." Watu wakacheka, na Baba Jeshi akacheka nao, ndiyo njia pekee ya kupita. Kisha akaingiza kichwa ndani ya friji lile na kukaa humo muda mrefu, ingawa tatizo alikuwa ameshaliona: gesi ilikuwa imevuja, basi.

Jioni alimfuata mkewe jikoni. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na jiko, na kuta zilipitisha hata kikohozi, kwa hiyo waligombana kwa kunong'ona, kila mmoja akimsogelea mwenzake kama wapenzi.

"Akirudi mwenyewe ni adhabu tu. Akifuatwa ni jela. Siyo maneno yangu, nimemwuliza mtu anayejua."

"Umewaambia watu?"

"Nimesema ni mtoto wa rafiki yangu."

"Akaamini?"

Baba Jeshi alijikuna shingo. "Alinipa pole."

Mama Kimya alikoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa.

"Tumfiche mpaka lini?" mumewe akaendelea. "Hataenda dukani. Hatapata kazi. Hataoa. Kila hodi, roho juu. Hata panya ana nafasi kuliko yeye."

"Alikuambia alichofanya kule?"

"Sijamwuliza."

"Mwulize."

"Nikimwuliza nitashindwa kumwambia arudi."

Hapo mwanamke akageuka kumtazama. Siku zote tatu alikuwa akimwona ni mtu wa jina lake tu, mtu anayehofia mtaa utamwitaje. Sasa alimwona mwanamume mwenye grisi kwenye kope, aliyejiziba masikio kwa makusudi.

"Sema wewe unatakaje," akasema Baba Jeshi. "Sema, nami nitakufuata. Naapa nitakufuata."

Mama Kimya alifungua mdomo. Akimwambia arudi, anampeleka kwenye mlango ule wa shule, akaushike tena. Akimwambia abaki, nyumba hii ndiyo itakuwa selo yake, na wao ndio askari magereza. Alifunika sufuria.

"Chakula kimeiva," akasema. "Mwite."

*

Sajenti wa kweli, wa jeshini, alikuja Alhamisi mchana. Ilikuwa siku ya mapumziko ya Mama Kimya, mumewe yuko karakana, na mama na mwana walikuwa sebuleni, vikombe viwili vya chai sakafuni, wakilirudia gemu tangu mwanzo, kikosi kikiingia tena msituni.

"Hodi," sauti ikasema, kwa upole.

Kupitia upenyo wa pazia ilionekana kofia. Kimya aliinuka bila kishindo, kitu alichofundishwa huko huko, akavipita viatu vyake, akaingia chumba cha ndani na kurudisha mlango. Kilikuwa chumba cha wazazi wake. Dirisha lake moja lilikuwa na nondo nene, ambazo baba yake alizichomelea mwenyewe kuzuia wezi.

Mama alisukuma kikombe kimoja chini ya kochi. "Karibu," akasema, na sauti yake akaisikia kama ya mtu wa chumba cha pili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Alikuwa mtu wa miaka kama thelathini, jasho limelowesha kola, macho ya mtu asiyepata usingizi wa kutosha. Mwenzake alikuwa amebaki ndani ya gari kwenye kona. Aliomba kukaa, akakaa ukingoni mwa kochi, kofia juu ya goti, akasema anamtafuta kijana wa nyumba hii.

"Aliondoka Jumapili."

"Kwa gari gani?"

"Sikumsindikiza. Nilikuwa kazini."

Sajenti aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu ambaye jibu hilo ameshalisikia kwa mama wengi. Akatazama mlangoni. "Na viatu?"

"Vya zamani."

"Vinang'aa."

"Baba yake huvipiga brashi. Mtaani wanamwita Baba Jeshi." Hilo lilikuwa kweli tupu, na kidogo tu sajenti atabasamu. Lakini macho yake yalikuwa yameshafika kwenye tivii. Pale kwenye kioo, sajenti mwingine alisimama pembezoni mwa msitu, mgongo ukiwageukia, mvuke ukimtoka mdomoni, akingoja kuambiwa aende.

"Nani alikuwa anacheza?"

"Mimi."

"Wewe, mama?"

"Aliliacha mwanangu. Nikiwa peke yangu nacheza."

Yule mtu aliokota pedi sakafuni. Ilikuwa bado na joto la mikono. Aliishika kidogo, kisha akamnyooshea kwa mikono miwili, kwa adabu, kama anavyopewa mkubwa.

"Hili ninalo nyumbani," akasema. "Mke wangu analichukia. Hebu cheza, mama, nione. Sijawahi kumwona mtu mzima kama wewe akilicheza."

Haikusemwa kwa ukali. Ndiyo maana haikuwa na mahali pa kukataliwa.

Mama Kimya alishika pedi. Akamtembeza sajenti wa kwenye kioo, akamgonga kwenye mti. Akamrudisha nyuma, akamzungusha, akamgonga kwenye mti ule ule. Jasho lilimtoka kama yuko kwenye mvuke wa kazini.

"Kushoto, mama," mgeni akasema. "Kuna njia."

"Najua. Mti ndio unanifuata."

Sajenti alicheka, safari hii kweli. Alimwelekeza mara moja tena, kisha akanyamaza, kwa sababu mwanamke alianza kukumbuka. Alilizunguka gogo. Aliwaamuru wenzake wainame penye uwazi. Alipitia nyuma ya kibanda, siyo mbele, kama alivyofundishwa na mtu anayecheza vizuri, na hapo mgeni akaacha kucheka. Mtu asiyecheza asingeijua njia hiyo. Lakini pia mtu aliyejifunza peke yake asingeijua.

Mlango wa kibanda ukafunguka. Mtoro alikuwa kwenye kona yake, mikono juu. Hadithi ikasimama. Mstari mwekundu ukaanza kufupika.

"Wengi hapa humwachia," akasema sajenti polepole.

"Na wewe?"

"Nikiwa nyumbani humwachia. Kazini siulizwi."

Kidole cha mama kilikuwa kimeshaelekea kulia chenyewe, kwa mazoea. Akakizuia. Akifungua mkono mbele ya mtu huyu na kumwachia mtoro, je, hatakuwa amemfungulia na mlango wa ndani? Juu asingeweza, mlio wa bunduki ndani ya nyumba hii, na mwanawe nyuma ya ubao wa mlango, asingeweza. Mstari ulikuwa umebaki kipande kidogo. Alibonyeza kushoto. Kovu halikuhisi kitu, akabonyeza tena, kwa nguvu.

Injini ya lori ikanguruma, ikajaza sebule. Mlango wa lori ukabamizwa. Sauti ya injini ikaenda ikififia, ikafifia, ikaisha.

Sajenti alijifuta jasho shingoni. Kisha akavaa kofia, akainuka. Hakuutazama mlango wa chumba cha ndani, na kwa namna alivyojitahidi kutoutazama, Mama Kimya alitambua kwamba mtu huyu alikuwa amejua tangu alipoingia.

"Nitaandika kwamba sikumkuta," akasema. "Mama, ukipata habari zake, mwambie arudi mwenyewe. Itamsaidia."

"Nitamwambia."

Alikuwa ameshafika mlangoni, mkono kwenye pazia, mlango wa ndani ulipofunguka.

Kimya alikuwa amevaa shati la jeshi, amelifunga vifungo vyote. Alipita mbele ya mama yake, akachuchumaa, akaanza kufunga kamba za viatu. Alizifunga vizuri, bila haraka.

"Kijana," sajenti akasema, kwa sauti ya chini sana, "nilikuwa naondoka."

"Nimesikia, afande."

"Sasa?"

"Mama ameshachagua. Twende."

Mama Kimya aliinuka, pedi ikamwanguka. "Hapana. Mimi nilikuwa nacheza tu. Nilikuwa nataka..."

"Mama," sajenti akamkata, akainua kiganja. Uso wake ulikuwa umekunjamana kama wa mtu anayeumwa jino. "Tafadhali usimalize. Nimekuja, na kijana amejitokeza mwenyewe na kujisalimisha. Hivyo ndivyo nitakavyoandika. Ukiniambia ulikuwa unamficha, itabidi niandike nilichoambiwa. Na hapo hakujisalimisha tena, alikamatwa."

Neno lilikuwa limeshafika ulimini mwa mama. Alilishika hapo hapo. Kimya aliinuka, akamkumbatia, na mama akahisi moyo wa mwanawe ukipiga taratibu kuliko siku zote hizi. Hilo ndilo lililomwumiza zaidi, utulivu ule.

"Asante, mama," kijana akamwambia sikioni.

Mama Mapacha alikuwa nje anaanika nguo. Alimsalimia Kimya kwa furaha, akawaita mapacha waje wamwone mwanajeshi.

*

Baba Jeshi aliporudi, mkewe alimweleza kila kitu, na maelezo yake yalipofika kwenye lori la gemu, mumewe aliketi chini.

"Kumbe wewe ndiye," akasema. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono wenye grisi. "Mimi nilizunguka wiki nzima. Wewe ukafanya kwa kidole."

"Hukunielewa. Nilikuwa namdanganya yule mtu."

"Nimekuelewa," akasema, na ilikuwa dhahiri kwamba hakuelewa, au hakutaka. Kesho yake alitembea mtaani kifua mbele, na mwenye baa aliposema jambo, Baba Jeshi akamjibu kwamba mwanawe karudi kazini kwa miguu yake, tena kwa ushauri wa mama yake.

Waliruhusiwa kwenda kumwona kizuizini mwezi uliofuata. Njia yote Mama Kimya alipanga maneno yake. Hakukuwa na sajenti tena wa kumziba mdomo. Adhabu ilikuwa imeshatolewa, ndogo kuliko walivyohofia. Angemwambia mwanawe ukweli: sikukuchagulia, mwanangu, nilikuwa nakuficha, ulinisikia vibaya. Angemwambia na kumwomba msamaha.

Ukumbi wa wageni ulikuwa na mabenchi marefu na friji moja la soda lililokufa. Baba Jeshi alilisikiliza friji hilo kabla hajamsalimia mtu. Mlinzi akaona, akamwuliza kama ni fundi, na muda si muda alikuwa amelivuta kutoka ukutani, amepiga magoti nyuma yake. Mama na mwana wakabaki peke yao benchini.

Kimya alikuwa amekonda, lakini hakuwa na macho yale ya kusaka kona. Mama alimfungulia chakula. Hakukigusa.

"Nikimaliza hapa wananirudisha kikosini," akasema.

"Kule kule?"

"Kule kule."

"Mwanangu, kuna kitu nataka kukuambia. Siku ile..."

"Nami nataka kukuambia kuhusu siku ile." Alikuwa mtoto wa kuulizwa mara tatu, na sasa alikuwa anamkatiza mtu. "Mimi nilikuwa sijui, mama. Kurudi nilikuwa siwezi, na kukaa nilikuwa siwezi. Nilisimama nyuma ya mlango nikisema, nitasikia miguu au nitasikia lori. Nikasikia lori. Usiku nikikosa usingizi najiambia, mama yangu alijua habari ya shule, alijua mlango niliushika mimi, na bado alisema nirudi. Basi kuna namna ya kurudi na nikabaki mtu. Labda wakiniambia tena nishike mlango, nitajua la kufanya. Asingenipeleka kama hakuna."

Nyuma ya friji, Baba Jeshi aliomba apewe kitambaa.

Kimya aliinamisha kichwa, akasogeza chakula kidogo kwa kidole. "Ila kuna siku nawaza kitu kingine," akasema. "Nawaza labda ulikuwa unamdanganya tu afande."

Hakumtazama aliposema hivyo. Kisha akamtazama. Lilikuwa swali, tena lile la kuulizwa mara moja tu. Mama Kimya aliuona uso wa mwanawe ukingoja, na aliona kwamba majibu yalikuwa mawili, na kwamba moja lilikuwa la kweli.

"Nilikuchagulia, mwanangu," akasema. "Nilijua ninachobonyeza."

Kimya alishusha pumzi ndefu. Alivuta chakula karibu, akaanza kula, kwanza polepole, kisha kwa njaa ya kijana wa miaka ishirini na miwili. Mama alimtazama mpaka akamaliza. Friji likanguruma, walinzi wakampigia Baba Jeshi makofi, na yeye akawaambia kwa sauti kwamba hilo si kitu, wampigie mke wake, maana kijana huyu alirudi kwa sababu yake. Walinzi wakageuka kumtazama mama. Mmoja akamwamkia.

Walipotoka getini, Baba Jeshi aliongea njia nzima. Alisema kijana amenyooka, alisema mlinzi amechukua namba yake, alisema mbele ya safari mambo yatakuwa mazuri. Mama Kimya alimwomba wasimame kidogo. Akakaa juu ya jiwe kando ya barabara, akajifunika uso kwa khanga. Mumewe alidhani ni furaha. Akamshikia mkoba, akasimama upande wa jua ili kivuli chake kimwangukie, akangoja amalize.